Kilio cha Mpakani

Mtaani kwao, Mama Pacha alijulikana kwa mambo mawili: mikate yake laini, na kutomwamini mtu. Hata muuza unga aliyemletea magunia miaka nenda miaka rudi alikuwa akifunguliwa gunia mbele ya macho yake, mkono wa Mama Pacha ukizama hadi kiwiko kukagua kama huko chini hakujachanganywa kitu. Mumewe, kinyozi, alikuwa kinyume chake kabisa. Mtu anayeshinda kutwa na wembe kwenye shingo za watu huzoea kuaminiwa, na mwishowe naye huamini wote. Mgeni akiingia kibandani na manywele yake, hutoka na upara na siri zote za familia ya kinyozi.

Hao ndio waliopanda pikipiki moja kwenda nchi ya jirani kumwona mjukuu.

Mabasi yalikuwepo, lakini Mama Pacha na basi ni paka na panya. Dereva hajawasha injini, yeye ameshaomba mfuko wa kutapikia. Kwenye pikipiki, upepo ukimpiga, tumbo hutulia. Binti yao, pacha mkubwa, aliyeolewa huko ng'ambo ya mpaka, aliwatumia sauti kwenye simu kuwaonya. Wasimpe pasipoti mtu asiyekaa nyuma ya kioo. Wasisimame barabarani wakionyeshwa kwamba tairi linayumba. Mama Pacha alisikiliza kila onyo mara mbili. Kinyozi alicheka. "Mtoto huyu kamrithi mama yake. Atakufa na hofu za watu wengine."

Walifika mpakani jua likiwa kali, malori yamejipanga mstari usio na mwisho. Kabla kinyozi hajateremsha stendi, akatokea kijana mmoja mtanashati, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Poleni na safari. Pikipiki hazipiti foleni ile, mtakaa mpaka kesho. Nipeni pasipoti na kadi ya pikipiki, niwapeleke dirisha la vyombo vidogo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu kinyozi, na Mama Pacha alipomfinya mgongoni, pasipoti zote mbili na kadi vilikuwa tayari mkononi mwa kijana.

"Baba Pacha! Binti alisema nini?"

"Si ana kitambulisho, mama?"

Kijana alikwisha kutangulia, anatembea upesi bila kugeuka. Wafanye nini? Aliyeshika pasipoti yako ameshika roho yako. Wakamfuata wakisukuma pikipiki. Wakaliacha jengo la serikali mkono wa kulia, wakapita nyuma ya duka la matairi, wakaingia ua wenye geti la bati. Geti likafungwa nyuma yao. Mama Pacha alisikia komeo likiingia.

Ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo aliketi mwanamume mnene aliyevaa shati la buluu lenye mistari mabegani, kama la ofisa. Chini ya meza, miguu yake ilikuwa ndani ya ndala. Mama Pacha aliziona zile ndala. Ofisa gani huyu wa ndala?

"Namba ya injini hailingani na kadi," alisema yule wa ndala, wala hajainuka kuitazama pikipiki. Akafungua droo, akatupia pasipoti na kadi humo, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Kinyozi akautoa. Ulitiwa mfukoni.

"Hii ni kesi kubwa, mzee. Chombo cha wizi kuvuka mpaka? Pikipiki inabaki hapa. Ninyi mtalala ndani, au tuzungumze kama watu wazima."

"Kaka, hebu tazama tena. Mimi ni kinyozi tu, nimekuja kumwona mjukuu..."

Sauti ya mumewe ilikuwa nyembamba, sauti ambayo Mama Pacha hakuwahi kuisikia. Mlangoni alisimama yule kijana mtanashati, na tabasamu lake lilikuwa limekwisha.

"Naomba kwenda chooni," Mama Pacha alisema.

"Choo hakuna humu. Nenda nje nyuma ya duka, urudi haraka. Mzee tunaye."

Kijana akamfungulia geti, akalikomea tena nyuma yake. Nje, barabara ilikuwa imejaa watu: wauza viatu vya mtumba, wauza chaja, mafundi wa simu. Neno lilimjia mpaka ncha ya ulimi. Mwizi! Akalimeza. Aliwahi kuona mtaani kwao neno hilo linavyofanya kazi. Kijana mmoja aliitiwa mwizi wa simu, na simu ikaja kuonekana chini ya mto wakati yeye ameshazikwa. Na hapa, ugenini, umati ungemshika nani? Mwenye kitambulisho shingoni, au mzee mwenye pikipiki ya namba za kigeni?

Basi akaweka mikono kichwani, akaachia kilio.

"Jamani nisaidieni! Mume wangu anakufa! Moyo wake! Mume wangu jamani!"

Alilia kilio cha msiba, kile kinachomtoa mwanamke jikoni hata kama chungu kinaungua. Wa kwanza kufika alikuwa muuza viatu, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, raba moja ingali mkononi. "Yuko wapi, dada?" Nyuma yake wakaja wengine watano, kumi. Walilisukuma geti mpaka komeo likang'oka.

Kinyozi alikuwa amesimama wima, mzima wa afya. "Mgonjwa nani? Mimi?" akauliza kwa mshangao.

Mama Pacha akamtazama. Ni jicho moja tu, lakini ndoa ya miaka mingi hufundisha lugha. Kinyozi akajishika kifua upande wa kulia, akagundua kosa, akahamisha mkono kushoto, akajiangusha juu ya meza kama gunia la unga.

"Mgonjwa mnamfungia ndani?" muuza viatu alifoka. Kisha akamtambua mwenye ndala. "Kumbe ni wewe tena!"

Mwenye ndala alirudi nyuma mpaka ukutani. Mama Pacha hakungoja. Alivuta droo, na humo akakuta pasipoti nyingi, si zao mbili tu. Nyingine zilikuwa wazi, nyuso za watu asiowajua zikimtazama. Alisita. Angechukua zake, mambo yakaishia hapo. Akazikomba zote pamoja na kadi yao, akazitia kifuani, akageuka na kunyoosha kiganja vile vile kama alivyoona kikinyooshwa.

"Ufunguo. Hospitali iko mbali."

Macho yote yalikuwa kwa yule mtu. Akautoa.

Walipofika jengo la serikali, mbele ya kioo cha kweli, Mama Pacha aliweka pasipoti zote mbele ya ofisa wa kike. Ofisa akazifungua moja moja, uso ukabadilika, akamwita askari. "Mama, hizi umezipata wapi?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kumbe aliyekutwa na pasipoti za watu ndiye mwizi! Wakatenganishwa, yeye chumba kimoja, mumewe kingine, kila mmoja akiulizwa maswali yale yale na kurudishwa nyuma kila alipojikwaa. Kupitia ukutani alimsikia kinyozi akieleza habari za moyo wake uliokuwa upande wa kulia, na askari hacheki.

Aliyewaokoa ni muuza viatu. Aliingia bila kuitwa. "Niliona kwa macho yangu. Andikeni." Alipokwisha, alimwambia Mama Pacha kwa sauti ya chini, "Ninyi mnaondoka, dada. Mimi kesho nafungua biashara yangu pale pale." Mama Pacha alimshika mikono yote miwili. Askari walipokwenda kule uani walikuta meza tupu na geti lililong'oka komeo.

Muhuri ukagongwa, wakavuka. Njiani, dereva wa gari dogo aliendesha sambamba nao akipunga mkono na kuonyesha gurudumu la nyuma. Kinyozi aliongeza mwendo. Gari likafuata. Mama Pacha alifumba macho, vidole vimezama kwenye koti la mumewe, mpaka likakata kona likapotea. Walipokagua gurudumu kwenye kituo cha mafuta, lilikuwa zima, ila kamba ya mzigo ilining'inia karibu na mnyororo. Kama yule alikuwa mwema au mbaya, hawajui mpaka leo.

Jioni hiyo nyumbani kwa binti, kinyozi alisimulia kila kitu huku amempakata mjukuu, na kadiri alivyosimulia ndivyo ugonjwa wake wa moyo ulivyozidi kuwa mkali. Mkwe alicheka mpaka machozi. Binti hakucheka. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

"Mama, mtarudi kwa basi, sivyo?"

"Basi?" Mama Pacha alikiweka kikombe chini. "Nitafia njiani. Tutarudi na pikipiki yetu. Nataka kupita kwa yule dada, nione kama bado anauza viatu."