Nilirudi leba nikiwa mjane, in-charge akanihurumia vibaya

Wakuu, hamjambo huko mliko. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana bado natafuta unga palepale.

Mimi ni mkunga. Nyar Bondo, yaani binti wa Bondo, nimeolewa Ahero, nafanya kazi leba, wodi ya kujifungulia, hospitali moja upande huu wa Kisumu. Kazi yangu ni kupokea watoto wanapozaliwa. Nyingine siijui na sitaki kuijua.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Nyalenda. Aliugua kidogo tu, tukadhani ni malaria, akaondoka.

Tukamzika kwao Ahero, maji ya mafuriko bado yamesimama kwenye mashamba ya mpunga.

Baada ya mazishi wazee wa boma wakataka tero, yaani nilale na ndugu wa marehemu ndiyo nitakaswe. Nikakataa. Mimi ni mtu wa kanisa. Na huyo shemeji mwenyewe, wakuu, hata kuoga hukumbushwa.

Sasa kwa mila zetu, mjane ambaye hajafanyiwa hivyo anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Haingii nyumba za watu. Mtoto mchanga ndiyo kabisa asimguse, asije akamletea chira, ile laana ya kukonda mpaka kufa.

Halafu huyo mjane awe ni mkunga.

Nilijipa moyo kwamba hospitalini ni kwa wasomi, mambo ya chira yanabaki getini. Wapi! Siku ya kwanza tu ya kurudi kazini, niko na glavu mkononi, bibi mmoja aliyemleta mke wa mwanawe akanivuta sweta polepole.

"Nyathina, mwanangu, pole kwa msiba. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini huyu mtoto, wacha mwingine ashike."

Nani alimwambia kama si wenzangu? Mimi sikuwa nimeandikwa usoni.

In-charge wetu, msimamizi wa wodi, wakati huo alikuwa Sista Halima, Msomali wa Garissa, bado mgeni kwetu. Mama wa sauti ya chini, lakini akisema jambo limesemwa. Aliona wamama wananikataa, akaniita ofisini.

"Pole sana dada," akasema. "Mtu aliyefiwa hataki kelele. Nimekutafutia mahali patulivu. Hakuna mtu atakusumbua."

Akanipeleka chumba cha nyuma, pale tunapokunja vitambaa vya gauze na kufunga vifaa vya kujifungulia kabla ya kuchemshwa. Meza moja, kiti kimoja, dirisha linaloangalia ukuta.

Kweli hakuna aliyenisumbua.

Nilikuwa nakunja gauze asubuhi mpaka jioni, na ukutani nawasikia watoto wanazaliwa. Ukizoea kazi hii unajua kilio cha kwanza kinavyokuja. Unakingoja. Kikichelewa kidogo unasimama bila kujua, mikono mbele, halafu unakumbuka hakuna aliyekuita. Unakaa.

Nikirudi nyumbani ni vilevile. Nafungua TV ipige kelele tu, nisisikie kiti cha mume wangu kilivyo kimya. Jirani aliyekuwa akiniomba chumvi kila siku alianza kununua yake. Wakuu, nilifika mahali nikamsalimia konda mara mbili ili tu aniitikie tena.

Na huko wodini walishaelewa kwa njia yao. Siku moja napita korido nikasikia, "Si mmeona? Hata in-charge ameogopa."

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Mila ilinikataa, sawa, niliikataa pia. Lakini sasa hospitali nayo ilikuwa imeipigia muhuri. Nikaanza kuulizia kazi ya kuuza dawa mjini, na nilijua nikitoka leba hivyo sitarudi tena maishani.

Kabla ya kuondoka nikasema wacha niongee na huyu mama. Nikagonga.

"Sista, nilikukosea nini?"

Akashtuka kabisa. "Kunikosea? Vipi?"

"Umeniweka kule kama mtu wa kufichwa."

Akaweka kalamu chini. "Dada, kwetu mume akifa mwanamke anakaa eda. Anakaa nyumbani miezi minne na zaidi, hatolewitolewi ovyo. Mimi mwenyewe nilikaa. Nilikuwa nakupa ile heshima. Wewe hukuwa na eda, nikakutafutia kidogo."

Yaani huyu mama alinipa kitu alichokipenda mwenyewe!

"Sista, kwetu mtu akifiwa watu wanajaa. Wanakula kwako mpaka unachoka nao. Ukiona umeachwa peke yako, ujue umeshazikwa na wewe."

Akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Jamani, sijui ule ujasiri ulitoka wapi. Nilitegemea barua ya kuachishwa kazi. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Kweli. Unataka nini?"

"Nataka kupokea watoto."

Asubuhi yake, wakati wa kupokezana shifti, akasimama mbele ya wote. Akasema alinihamisha kwa mawazo yake ya Garissa, wala si kwa sababu ya chira, na kwamba alikosea. Mama mjamzito ana haki ya kumchagua mkunga. Ila mfanyakazi atakayemnong'oneza mama mlangoni habari za kaburi la mwenzake, ataongea na yeye.

Siku hiyohiyo akaletwa msichana kwa bodaboda, uchungu umeiva. Mama mkwe akaniona, akaanza kurudi nyuma na mabegi. Halima hakubishana naye. Akamuuliza msichana mwenyewe, "Huyu ni mkunga wangu. Unamtaka, ama nikuitie mwingine?"

"Yeyote, sista! Lakini sasa hivi!"

Nikampokea kijana mzito, analia kama anadai ardhi. Nililia kumshinda.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Wengine waliendelea kunikataa, na wenzangu walinisalimia kwa mdomo tu. Saa ya chakula niliingia chumba cha chai, meza ikabaki yangu peke yangu. Wote ghafla walikuwa na kazi.

Halima akaingia, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Nikamsogezea ugali na omena, dagaa wetu wa ziwani.

"Karibu, sista."

"Ahsante, nimefunga."

Ilikuwa Ramadhani, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Joto la Kisumu lile, midomo yake imekauka, na omena wangu unanukia.

"Sasa sista, si ungepumzika ofisini? Huku umekuja kufanya nini?"

"Wewe hujafunga," akasema. "Kula."

Akakaa mpaka nikamaliza. Kesho yake akaja tena, akanisimulia watoto wake. Alikuja hivyo mwezi mzima.

Nilichojifunza, wakuu: huruma isiyouliza inaweza kumzika mtu akiwa hai, hata ikitoka kwa mtu mwema. Kiongozi akikosea, aseme alikosea mbele ya walewale waliomwona akikosea. Na pole nyingi za mdomo hazishibishi kama mtu mmoja aliyevuta kiti.

Halima alishahamishwa, na meza ile bado siku nyingi nakaa peke yangu. Watoto napokea.

Ninyi je, kazini kwenu yupo aliyefiwa? Anakula na nani? Tupeni maoni, matusi wekeni kando.