Mzungu Aliyeapa Bila Kuulizwa

Mwaka wa 1961, nikiwa na miaka minane, baba aliangukiwa na mti akafa. Shida yetu ilianzia hapo. Sauti za miaka ile nilikuwa nimezisahau, mpaka nilipoajiriwa kutunza wazee huku ughaibuni, mji wa Richfield. Asubuhi moja mzee Mwingereza alionja chai niliyompa akasema ni bladi nzuri. 

Neno hilo, "bloody" la Waingereza, nilikua nalo tangu utotoni. Mama alimfulia nguo mzungu wa shamba la kahawa, tuliyemwita Kofia. Kwa Kofia mvua ilikuwa bladi, mbwa bladi, na sisi tukichelewa, bladi vilevile. Siku moja nimeshika ndoo ya maji ya sabuni, akanitazama, akamwambia mama, "Hii toto nakwenda bladi shule. Mimi naapa kwa Mungu. Jumatatu mimi nakuja na gari."

Mama aliendelea kukamua shati. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema, "Mbona anaapa, na hakuna aliyemuuliza?"

"Labda anataka kuniuza."

"Na hayo magoti yako, nani atakununua?" Alicheka, lakini gauni langu la kuvaa Jumatatu hakulifua.

Jumatatu gari lilisimama njiani, likapiga honi. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya banda la mbuzi, harufu ya mikojo ikinitoa machozi, nikijisifu kwamba mimi si wa kudanganywa. Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Kisha gari likaondoka na binti wa mpishi wa Kofia ndani yake. Huyo binti alikuja kuwa mwalimu mkuu.

Yule mzee wa Richfield aliapa kwa Mungu juu ya uji, juu ya soksi, na juu ya mkewe aliyekufa, huku analia. Hakuna alichokuwa anaficha. Ndivyo walivyozoea kukazia maneno, kama sisi tunavyosema kabisa kabisa. Kofia alikuwa anasema kweli. Nilimaliza kumvisha soksi, nikaenda chooni nikakaa peke yangu.

Msinihurumie. Nina nyumba Fridley. Nina gari moja kubwa. Nina duka Frogtown, friji mbili za nyama na mizani, na funguo zote ninazivaa shingoni. Kuandika nilijifunza kanisani, nikiwa mtu mzima. Barua za Kiingereza ananisomea mjukuu wangu, nami humuuliza, "Ndivyo ilivyoandikwa?" Ananijibu kwa Kiingereza chake, anaapa kwa Mungu.

Akishaapa, namwambia asome tena.