Miwani Niliyomvalisha Mama

Makosa ni yangu, sina wa kumsingizia. Mama yangu amepoteza macho kwa sababu ya mdomo wangu, na kama kuna jina baya kuliko mwongo, niiteni hilo.

Nilikuwa mpishi Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mshahara wangu uliishia baa. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Sironga, mama aliniombea kila Sabato akidhani najikusanyia mabati.

Bwana niliyempikia aliporudi kwao aliniachia miwani yake. Ilikuwa ya ajabu! Ndani ya nyumba vioo vyake ni vyeupe kama vya kawaida. Ukitoka juani vinaanza kuwa vyeusi taratibu, na ukirudi kivulini vinakuwa vyeupe tena. Alinieleza kwamba kioo chake kimechanganywa na kitu kinachobadilika kikipigwa na jua, na kazi yake ni kupunguza mwangaza, basi. Nilimwelewa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniua.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mama analalamika macho. Akichuma majani chai anaruka vichipukizi vilivyo pembeni yake, akitembea anajigonga kwenye migomba. Majirani wakajaa kunisalimia, na kila mmoja jicho liko kwenye begi langu. Aibu ikanipanda. Nikatoa ile miwani, nikamvalisha mama, nikamsimamisha uani.

Vioo vikawa vyeusi. Watu wakapiga kelele!

"Kwani ni nini hiyo?" mama akauliza.

"Ni ugonjwa unatoka, mama," nikasema. "Miwani inauvuta. Ukiingia ndani, inaumwaga."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi! Mama akaingia ndani, akaivua, akavisogeza vioo karibu na uso, akaona vinarudi kuwa vyeupe. Akalia kwa furaha. "Nyasae, Mungu wetu, amenikumbuka kupitia kwa mwanangu."

Ningesema palepale kwamba natania, watu wangecheka yakaisha. Badala yake nikala kuku niliyechinjiwa.

Sabato iliyofuata mama akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akatoka mlangoni, akageuka na vioo vyeusi usoni, waumini wote wakaona. Wakaimba wimbo wa sifa. Na mimi, mjinga mimi, nikaimba nao!

Miezi ikapita, macho yakazidi kufa. Dada yangu, ambaye hakuwahi kuiamini ile miwani, akatulazimisha twende zahanati huko Keumbu. Muuguzi akamchunguza mama, akatwambia bila kuficha.

"Macho ya huyu mama yanabanwa kwa ndani. Kile kimepotea hakirudi. Lakini mkimfikisha hospitali kubwa haraka, kile kimebaki kinaweza kuokolewa. Msikae."

Mama akakataa katakata. "Nimeshuhudia mbele ya kanisa kwamba ninaponywa. Sasa nikapasuliwe? Nimfanye Nyasae mwongo?" Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye uliileta. Sema. Inafanya kazi ama haifanyi?"

Dada ananitazama. Muuguzi ananitazama. Lilikuwa neno moja tu, jamani! Nikaogopa kanisa, nikaogopa majirani, nikaogopa uso wa mama.

"Inafanya," nikasema. "Lakini polepole."

Dada yangu akachukua mkoba wa mama akatangulia nje. Mpaka leo hajanisemesha zaidi ya salamu.

Mama sasa ni kipofu kabisa. Chai yake inachumwa na watu wengine, na chooni anafika kwa kushika kamba niliyomfungia kutoka mlangoni. Majuzi nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote: baa, bwana, kioo, uongo. Nilitaka anilaani. Angenilaani ningepata hata usingizi.

Unajua alifanya nini? Alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Shetani anakujaribu, mwanangu," akasema. "Imani yako imepungua, ndiyo maana mimi bado sijaona."

Akawaambia wazee wa kanisa. Sabato iliyopita nikaitwa mbele, nikapigishwa magoti, wakaniwekea mikono ili pepo wa mashaka anitoke. Nikapaza sauti kwamba nasema kweli, kwamba ni mimi niliyedanganya! Ndiyo kwanza wakaomba kwa nguvu zaidi. Mama alikuwa amekaa benchi la kwanza, miwani usoni, analia kwa ajili yangu.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu anategemea uongo wako, mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Acha akutukane. Acha kijiji kikucheke hadi kichoke. Usingoje kama mimi, maana ukweli nimeshausema wote, na Sabato ijayo wataniombea tena.