Usaili wa Wifi Albina

Redio iliyokufa ikifika mikononi mwa wifi yangu Albina ilikuwa inazungumza tena. Watu wa Mbekenyera walimletea mpaka tochi. Mwaka 2007 alikuwa amemaliza kidato cha nne, tunakaa naye nyumba moja, maana kaka yake Dismas ndiye mume wangu.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi ikaja barua ya duka la kutengeneza kompyuta, Nachingwea mjini. Walitaka mtu mmoja wa kujifunza kazi miezi mitatu. Albina aende kwenye usaili kesho yake.

Dismas aliisoma amesimama.

"Korosho zinadondoka, wewe unakwenda kuchezea mashine?"

"Kaka, miezi mitatu tu."

"Nani ataokota? Marehemu baba?"

"Baba angeniruhusu."

Neno hilo lilimtoa akili. Alichomoa mchi kwenye kinu akampiga nao mgongoni, Albina akaenda chini. Dismas akaukamata mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya jiwe la kubangulia korosho, akavigonga vidole kwa kile kigongo tunachopasulia maganda. Viwili vilipasuka. Nilimvuta shati, akanipiga kiwiko, nikajibamiza mlangoni na mwanangu Aneth mgongoni. Mtoto hakulia papo hapo. Kimya kile kilinitisha kuliko damu.

Damu haikukata. Nikampaka Albina majivu, yale tunayojipaka wakati wa kubangua ili mafuta ya maganda yasituunguze. Nikafunga kwa kipande cha kanga, nikaona nimefanya la maana.

Asubuhi Dismas alipokwenda shambani, tukaondoka na gari la kwanza.

Dukani tulimkuta mwombaji mwingine, Dickson, kijana wa mjini.

"Sista, umekuja usaili au hospitali?"

"Usaili. Hospitali nitakupeleka wewe ukishindwa."

Fundi mkuu, Eustakio, mtu wa Kilimanjaro, hakuuliza hata neno moja la Kiingereza tulichokariri njiani. Aliweka kompyuta mbovu mezani. "Fungueni mmoja mmoja, mniambie mnachokiona." Nilikaa benchi la mlangoni nikinyonyesha.

Dickson alishika bisibisi, waya bado uko ukutani. Eustakio akampiga kofi mkononi. "Unataka kunifia hapa?" Akamwonyesha kidude ndani. "Hiki nini?" Dickson akataja jina refu, haraka haraka. Fundi akatikisa kichwa.

Albina kwanza alichomoa waya. Akafungua skrubu kwa mkono wa kushoto, midomo ameiuma, jasho linamtoka. Kitambaa kikalegea, majivu yangu yakamwagika ndani ya mashine.

"Wee! Nini hicho?"

"Majivu, fundi. Nimeumia."

"Nani kakuumiza?"

"Kaka yangu. Naomba brashi."

Nilitamani ardhi inimeze. Alisafisha kona kwa kona, damu inadondoka, anaikinga na sketi isiingie ndani. Fundi akamwonyesha kidude kile kile.

"Na hiki nini?"

"Sijui. Nifundishe."

"Jumatatu uanze," Eustakio akasema. "Wanaojua kila kitu ndio wanaoniunguzia mashine."

Kurudi naye nyumbani nisingethubutu. Nilimpeleka Naipingo kwa mjomba wao, Teofili. Kwetu Wamwera mtoto wa dada ni wa mjomba, na kaka hamwamulii mbele yake. Mzee alifungua kitambaa, akatazama vidole.

"Atabaki hapa. Dismas aje aniulize mimi."

Nikarudi Mbekenyera na Aneth. Dismas alinikuta napepeta mchele.

"Albina yuko wapi?"

"Kwa mjomba. Kazi kaipata."

Kofi la kwanza lilirusha ungo. La pili lilinipata sikioni, sikio ambalo mpaka leo linavuma mvua ikitaka kunyesha. Alinipiga teke nikiwa chini, nimemfunika mtoto.

"Kamlete!"

"Kamlete wewe. Mjomba anakusubiri."

Akanyanyua mguu tena, kisha akaushusha. Akakaa kizingitini. Naipingo hakwenda, siku ile wala Jumapili. Jumatatu alichukua kikapu, akaenda kuokota korosho mwenyewe.