Jina la Juu Kwenye Jiwe la Chifu

Papa alikuwa mchonga mawe ya makaburi kule Kabondo, na mimi, Amina, bintiye wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nikimwagia jiwe maji ili vumbi lisimwingie machoni. Siku chifu alipotuita tulikula mihogo na samaki, papa akaimba, tukaenda kwa chifu.

Chifu wetu alivaa medali aliyopewa na wazungu, na mbele ya nyumba yake lilisimama jiwe lake. Desturi ilikuwa hii: juu kabisa jina la mkubwa wake, chini yake jina lake mwenyewe, kisha habari ya ardhi aliyotupa sisi Waislamu tuzikie wafu wetu. Mwisho, jina la aliyechonga. Huyo ndiye shahidi kwamba ardhi ilitolewa.

Uhuru ulikuwa umefika. Chifu akasema, "Toa ile jina ya muzungu, weka ya mukubwa mupya." Papa akatoa, akaweka.

Baadaye waasi wakauteka mji. Chifu akaficha medali, akaja mwenyewe mbio mbio. "Weka jina ya mukubwa wao. Leo leo!"

Papa akacheka. "Chef, tukifuta hivi kila mara, hii jiwe itaisha. Tutatokea upande ya pili."

Mama hakucheka. "Basi jina yako utoe, papa Amina."

"Nikitoa, wafu wetu watalala kwa shamba ya nani?"

Akaweka la mkubwa wa waasi juu, lake akaliacha.

Serikali iliporudi na bunduki zake, wa kwanza barabarani alikuwa chifu, medali kifuani, akipunga kitambaa cheupe. Afisa akasimama mbele ya jiwe, akasoma jina la juu.

"Ni nani aliandika hii?"

Chifu akainama, akaweka kidole chini kabisa.

"Ni huyu, mon commandant. Nyumba yake iko pale."

Papa alikuwa ananawa mikono.

Walimpiga risasi mlangoni petu.

Wakamtupa mtoni. Hatukupata hata nguo yake ya kuzika.

Lo, mnafiki yule! Aliyesema "weka" ni yeye, aliyesema "leo leo" ni yeye, na kidole kile hakikutetemeka, nilikiona kwa macho yangu. Watu huniambia, Amina, samehe, vita ni vita. Vita havikuwa na kidole.

Chifu alikufa mzee, kitandani, wajukuu wakimpepea. Alikuwa ameacha wosia azikwe katika ardhi ile aliyotupa. Wanawe wakaniletea jiwe, maana nyundo ya papa niliirithi mimi. Nilitaka kuwatemea mate. Nikasema, sawa, liacheni hapo.

Nilichonga siku tatu. Waliporudi, kaka yao mkubwa akakuna kichwa.

"Dada Amina, hii jina ya juu si ya papa yetu. Ni ya nani?"

"Ni ya papa yangu. Papa yenu iko pale chini yake. Si ndiyo desturi yake? Mukubwa anatangulia."

Walinitazama, wakatazamana. Mdogo wao akakumbuka mlango wetu, nadhani, kwa sababu aliinamisha macho. Wakalibeba.

Papa hana kaburi. Ana mstari mmoja tu, juu ya kaburi la mtu aliyemuuza. Ni kidogo, na bado nina hasira.

Chini kabisa niliweka jina langu.