Sharti la Dawa ya Mwamvua

Jirani yangu Mwamvua anatengeneza dawa ya kifua kwa vichipukizi vya misonobari, ile mikubwa iliyo nyuma ya kanisa letu hapa Kilosa, ambayo watu wote huiita miti ya Krismasi. Mvua zikishanyesha huenda na kikapu, akachuma vile vichipukizi laini vya nchani. Anavipanga ndani ya mtungi wa kioo, tabaka la vichipukizi na tabaka la sukari guru anayoletewa kutoka Kidodi, kisha anauanika juani mpaka sukari iyeyuke na kutoa maji mazito yanayonukia msitu mzima. Akishachuja anatia tangawizi na asali, anajaza kwenye vichupa. Watu huifuata kwa baiskeli kutoka Mvumi na Ulaya, kile kijiji cha huku kwetu, si ile ya Wazungu. Mimi mwenyewe naitumia, na sijawahi kupewa maelekezo zaidi ya kutikisa chupa.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaionja, naye ni mume wake.

Mzee Abubakari ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Sauti yake ndiyo saa ya mtaa. Hata sisi Wakristo tunaamka kwa hiyo hiyo. Ana heshima zake, na ana mdomo. Kwa kinyozi huwachekesha watu: "Jamani, dawa imetoka kwenye mti wa Krismasi, imechumwa uwanja wa kanisa, imewekwa kwenye chupa ya konyagi. Kilicho halali hapo ni kijiko tu." Chupa kweli zilikuwa za konyagi. Mwamvua huziokota nyuma ya baa na kuzichemsha mpaka zisahau zilikotoka.

Watu walicheka, na Mwamvua naye alicheka. Lakini siku moja tukichambua mchele aliniambia, "Irine mwanangu, nimesaidia watu nisiowajua hata majina. Nataka huyu mmoja tu aonje, aseme kwa mdomo wake kwamba hii ni dawa. Basi." Hapo hakuwa akicheka.

Mwaka huu nafasi ikaja. Maulidi imekaribia, Mzee Abubakari ndiye msomaji anayetegemewa, na sauti yake ikakauka kwa vumbi la kiangazi. Adhana ikabidi asome Doto, dereva wa bodaboda, ambaye huadhini kama anaita abiria stendi. Mwamvua akawa anamimina chai asubuhi na kusema, "Doto leo kajitahidi. Mungu hamtupi mja wake." Mzee akageukia dawa zake mwenyewe. Alitafuna vitunguu saumu mpaka mbuzi wakawa wanampisha njia, na sauti haikurudi.

Ndipo akaniita kwenye ua. "Irine mwanangu," alinong'ona, "kanichukulie dawa kwa mama yako. Sema ni yako. Asijue."

Nikaenda, nikianza kukohoa tangu njiani.

"Shikamoo, mama. Kifua kinaniua."

"Marahaba. Hebu kohoa tena."

Nikakohoa. Akainamisha kichwa akisikiliza, akatikisa. "Irine, kikohozi chako kina ndevu."

Niliahidi kutunza siri na niliitunza. Sikutaja jina la mtu. Nilicheka tu, na kicheko si maneno.

"Mwambie mgonjwa, yaani wewe," akaendelea bila kupepesa, "dawa iliyopo ni ya vikohozi vya kawaida. Yake lazima ipikwe upya, na ina sharti. Mgonjwa achume mwenyewe, mchana kweupe. Akituma mtu, inageuka maji."

"Mama, tangu lini dawa yako ina sharti?"

"Tangu sasa hivi."

Kwetu dawa isiyo na sharti haiaminiki. Mwambie mtu avuke mto bila kugeuka nyuma, atapona upesi kuliko aliyepewa vidonge bure. Kwa hiyo nilipomfikishia ujumbe, Mzee Abubakari hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu kama magharibi inaweza kuhesabiwa mchana. Nikamwambia haiwezi. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Jumamosi mchana akatokea kwenye uwanja wa kanisa, kanzu safi, kofia, kikapu mkononi. Kwaya ilikuwa nje ikifanya mazoezi. Domina, mwalimu wa kwaya, akamwona.

"Shikamoo, mzee! Umekuja kutuongezea besi?"

Akafungua kinywa kuitikia marahaba, ukatoka upepo tu. Mtu mzima kushindwa kuitikia shikamoo mbele za watu! Akapunga mkono kwa aibu, akapita chini ya misonobari na kuanza kurukia matawi.

Mimi na Mwamvua tulikuwa nyuma ya ukuta wa jiko la kanisa. Alivaa kanga mpya kwa ajili ya kuja kucheka, na kweli tulicheka mpaka tukashikana. Lakini kiangazi vichipukizi ni vichache na viko juu, na mkono wa kulia wa Mzee haupandi vizuri tangu aanguke na baiskeli. Kofia ikadondoka. Akaiokota, akaipangusa, akaruka tena. Mwamvua akaacha kucheka.

"Nimemwonea," akasema, na akatoka.

Akalivuta tawi chini, akamshikilia achume. "Unamchumia nani, Baba Shamimu?"

Mzee akagusa kifua chake.

"Sisikii."

Huruma imemjaa machoni, na bado anamchokoza! Mzee akasogea, akanong'ona.

"Sisikii, mume wangu."

Domina, aliyekuwa amesogea bila kualikwa, akasoma midomo na kupaza sauti: "Anasema mgonjwa ni yeye, na anaomba dawa ya mkewe!"

Kwaya nzima ikapiga vigelegele. Mwamvua, aliyelisubiri neno hilo miaka na miaka, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Twende nyumbani," alisema, "jua kali."

Siku ya Maulidi Mzee alisoma, sauti ikikwaruza kidogo lakini ni yake. Walipomuuliza amepona na nini, aliwaeleza habari za sharti kwa uzito wote, mpaka leo wagonjwa wote wanachuma wenyewe na Mwamvua anawasubiri amekaa kivulini.

Lakini mimi nakumbuka zaidi jioni ile ya Jumamosi. Nilikuwa jikoni kwao. Nilisema nimefuata chujio langu. Mwamvua alichemsha vichipukizi haraka haraka na sukari guru, akachuja, akampa mumewe kijiko. Mzee alifumba macho kabisa, akakunja uso, akameza. Akafumbua jicho moja.

"Mbona tamu?" akanong'ona.

"Kwani ulidhani nini?"

Akatazama chini. "Nilidhani chungu. Miaka yote hii nilikuwa naiogopa."

Mwamvua alicheka, kisha akalia, kisha akamwongeza kijiko cha pili.