Tarumbeta Juu ya Taulo Jeupe

Mpaka leo, tarumbeta ikilia barabarani mchana, natafuta kwanza nani anaipiga, ndipo masikio yaanze kusikiliza.

Wakati ule tulikuwa tunajaribu kuiotesha ska Kalemie, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, wenye gitaa linalokatakata kama gari la moshi likipita darajani, na tarumbeta zinazocheka juu yake. Asubuhi niliandika riwaya, mchana nilitangaza maonyesho, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha upweke. Ukimtajia mtu ska, anauliza kwa Kiswahili chetu, "Njo rumba ya wapi?", yaani ndiyo rumba ya wapi. Ukimfungulia kwenye simu, anasikiliza kwa adabu, kisha anauliza mwimbaji ataanza saa ngapi. Onyesho la kwanza walikuja ndugu zetu. La pili, ndugu zetu walikuwa na udhuru.

Lakini shida kubwa ilikuwa vyombo. Gitaa tulikuwa nalo, la rafiki yangu mpiga gitaa, aliyekuja mjini kutoka Kiambi. Tarumbeta na tromboni zilikaa ndani ya kabati la fanfari, bendi ya parokia inayopiga kwenye sikukuu na mazishi. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa fanfari, mzee mmoja mwembamba mwenye sauti nene tuliyemwita Papa, aliyewafundisha wapigaji wetu wote tangu wakiwa watoto.

"Mara moja tu," alituambia. "Nikisikia aibu hata kidogo, kabati linafungwa na ska yenu inakufa humo ndani."

Kisha, kana kwamba amejuta ukali wake, akatupatia na tarumbeta yake mwenyewe tutangulie nayo. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Angepumzika kwanza, halafu angekuja ukumbini kupiga wimbo mmoja. Mke wake hakuwepo. Alikuwa sokoni akiuza ndagala zake, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyefikiria kumwambia.

Tulikodi kamioneti, gari dogo la mizigo, ya kuzunguka mji kutangaza, ubavuni tumebandika jina la ukumbi na neno "Leo". Wapigaji walipanda nyuma wakipiga vyombo vyao. Mpiga gitaa aliilaza tarumbeta ya Papa mbele, ndani ya kioo cha gari, juu ya taulo jeupe ili isichubuke. Mimi nilikaa kati ya mpiga gitaa na dereva. Tulienda polepole, maana barabara ina mashimo na mpiga tromboni alikuwa ameshajigonga jino.

Na watu walitutazama. Kwa mara ya kwanza walitutazama kweli. Wanaume waliokaa mbele ya duka la saruji walisimama, mmoja akavua kofia. Mwenye pikipiki alizima injini, akashuka, akasubiri tupite. Tulipofika sokoni wanawake waliacha kupima unga.

"Unaona?" mpiga gitaa akaninong'oneza. "Wameanza kuheshimu muziki."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Tuliporudi kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, nilisimama mlangoni nikichungulia. Ulikuwa umejaa. Viti nilivyovipanga asubuhi vilikuwa vimesukumwa ukutani, na watu walikuwa wamekaa chini, juu ya mikeka. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge kiunoni. Pembeni palikuwa na sufuria kubwa na gunia la makaa. Nilijiuliza nani anakuja na sufuria kwenye ska. Ndipo nikasikia kilio kikija kutoka barabarani.

Alikuwa Mama, mke wa mkuu wa fanfari, ameshikwa mikono na wanawake wawili wa soko. Magamba ya samaki yalikuwa bado yanang'aa vidoleni mwake. Aliingia, akaanguka sakafuni karibu na miguu yangu.

"Bwana yangu. Nilimuacha anakunywa chai. Muji muzima unajua, mie njo wa mwisho."

Niliinama nikajaribu kumwinua. Mmoja wa wale wanawake alinitazama usoni.

"Mutoto, weye ni wa wapi? Tarumbeta ya mukubwa wa fanfari inapita mbele, juu ya kitambaa cheupe, bila muntu wa kuipiga. Wenzake wako nyuma wanapiga. Hiyo njo nini kama si kifo?"

Niligeuka kuwatafuta wapigaji. Wao walikaa nyuma ya gari safari nzima, mbele hawakuona. Mpiga tromboni alikuwa ndiyo kwanza anaichungulia tarumbeta kwenye kioo. Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mpiga gitaa alisema baadaye kwamba kwao Kiambi hakuna fanfari, na mimi nilikulia nyumba za reli, mazishi ya parokia niliyaona kwa mbali, hivyo hatukuijua ishara hiyo.

"Mama," nilisema hatimaye, "Papa iko muzima."

"Kila muntu anasema vile," alijibu bila kuinua uso. "Kama iko muzima, aje na miguu yake."

Nilipiga simu ya Papa. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Wanawake walinisubiri, nami nikakumbuka kifua chake. Je, kama tumemtangaza mtu kuwa amekufa, na yeye kweli ameshakwenda? Mpiga gitaa hakuaga, aliruka kwenye pikipiki ya kwanza aliyoiona kumfuata Papa nyumbani.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua tu kwamba pikipiki ilirudi na watu watatu, na wa katikati alikuwa amevaa koti lake la sikukuu. Papa aliingia akitabasamu kwa umati.

"Bantu wote hawa, njo wa ska?"

Ukumbi ukapiga yowe moja. Mama aliinuka taratibu, akamgusa kifua kwa kiganja, kama anayepapasa ukuta gizani. Halafu akamchapa begani kwa kitenge chake kilicholowa.

"Simu yako ni ya nini?"

"Nilikuwa nanyoa ndevu."

Alipoelezwa yote, tabasamu lilimwishia. Alitutazama mmoja mmoja. "Nilisema aibu hata kidogo," alianza, na mkono wake ukaingia mfukoni, kwenye ufunguo.

"Ngoja," Mama alisema. "Bantu wameacha soko. Wameleta makaa. Utawarudisha na nini?"

Basi tulipiga. Hakuna aliyecheza, walisikiliza wakiwa wamekaa chini, wengine wakiendelea kujifuta machozi. Papa alipiga wimbo wake mmoja, akakohoa, akapiga na wa pili. Mama alikaa ametugeuzia mgongo.

"Njo ska hii?" alisema bibi mmoja nyuma yangu. "Ni kilio chenye haraka."

Jua lilipoanza kushuka, Mama aliichukua tarumbeta ya mumewe, akaifunga ndani ya kitenge chake, akapanda pikipiki nayo mapajani. Taulo alinirushia mimi.

"Siku ingine," alisema, "mutafute ya rangi."